Mchezaji wa Saba

Nyapara alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, na alilijua hilo. Wachezaji wake walipoanza kuhama kwa kukosa riziki, ni yeye aliyewatafutia vibarua kwenye jengo analolisimamia, ili timu isife. Alisahau kwamba siku ya kumwaga zege haimsikilizi mtu. Mvua ilichelewesha kazi, zege likaangukia siku ya mechi, na zege likishaanza kumwagwa haliachwi njiani. Tajiri alimruhusu yeye peke yake atoke, tena kwa shingo upande. Vijana walibaki ghorofani wakipokezana ndoo.

Timu ya mafundi ilizaliwa Nyapara akiwa bado na nywele kichwani. Waashi, wapaka rangi na mafundi bomba walisawazisha vifusi nyuma ya karakana, wakapata uwanja wenye mteremko ambao wageni waliulalamikia kila walipopangiwa kushambulia kwenda juu. Waliwahi kupanda daraja, wakashuka msimu uliofuata mbiombio, kama waliosahau kitu nyumbani. Tangu hapo wakawa wakazi wa kudumu wa mkiani, ligi ya chini kabisa. Mkewe alifua jezi miaka yote hiyo, akinung'unika, na hakukosa mechi hata moja. Hawakujaliwa watoto. Kelele za nyumba yao zilikuwa za wachezaji waliofuata jezi wakakaa hadi chakula.

Sasa chama cha ligi kilikuwa kimeshawaonya. Kuna mechi walishindwa kuimaliza kwa uhaba wa watu. Wakirudia, timu inafutwa. Kanuni inataka wachezaji wasiopungua saba. Wakibaki sita, filimbi inapulizwa na habari imeisha.

Uwanjani aliwakuta sita, akiwemo shemeji yake, fundi bomba, kaka wa mkewe, mwenye kitambi kilichofika kwenye mpira kabla ya miguu. Nyapara, ambaye hujisajili kila msimu kwa mazoea tu, akavua shati la kazi na kuvaa glovu. Daktari alishalikataza goti lake hata ngazi.

"Shemeji, unataka kufa?"

"Nataka kusimama tu. Golini hakuna mbio."

Mabao yaliingia kama watu wanaoingia kwao. Hakujali, alichoomba ni dakika ziishe. Kipindi cha pili aliurukia mpira wa chini, goti likaachia. Alijaribu kuinuka, akaanguka, akatambaa hadi kwenye mwimo wa goli na kuukumbatia.

Mwamuzi akamjia. "Mzee, toka. Nikuitie watu wakubebe."

"Nikitoka wanabaki sita."

"Najua."

"Basi sitoki. Puliza tuendelee."

Maumivu hayakumtisha. Alichoogopa ni kurudi kwenye nyumba iliyo kimya, mzee mwenye goti bovu, asiyengojwa na mtu.

Mkewe alikuwa nyuma ya goli, mtandio mdomoni. "Baba, inatosha. Nakuomba."

Hakugeuka. Mwamuzi akapuliza mchezo uendelee, mshambuliaji wa wageni akapiga, mpira ukampata Nyapara kifuani. Akaporomoka chini, akajivuta tena juu kwa mikono, uso umempauka kama saruji kavu. Mkewe akamwangalia kaka yake kule uwanjani.

"Kaka," alisema, basi.

Fundi bomba akaketi kwenye nyasi, akafungua kamba za viatu. Akavishika mkononi na kuanza kutembea kuelekea nje.

"Rudi!" Nyapara alipiga ukelele. "Shemeji, rudi! Unatuua!"

Shemeji yake alikuwa analia waziwazi, lakini hakusimama mpaka alipouvuka mstari. Mwamuzi akawahesabu waliobaki, akawahesabu tena, kisha akapuliza.

Ilibidi mkewe aingie uwanjani ambandue vidole kwenye mwimo, kimoja kimoja, huku mumewe akiwaamuru wachezaji warudi kwenye nafasi zao.