Mama Subiri na Ukurasa wa Arobaini

Shangazi yangu alitunza muhuri wa mahakama ya katiba miaka ishirini na miwili, na kwa ubishi sijaona mfano wake. Hukumu haikutoka masjala kabla hajazihesabu kurasa zake, kidole kikilowa kwenye sifongo, akikagua saini fupi za majaji watano chini ya kila ukurasa. Mawakili walimwita Mama Subiri. Jina lilimpendeza.

Mwaka ule serikali iliahirisha uchaguzi mara ya pili. Maduka yakafungwa, barabara zikajaa watu na moshi wa matairi, na macho yote yakawaelekea majaji wale watano. Asubuhi ya hukumu, nusu saa kabla haijasomwa, afisa wa wizara aliingia na barua: muhuri ukabidhiwe, ukahakikiwe.

Shangazi akavaa miwani, akaisoma, akaigeuza.

"Mwanangu, barua yenyewe haina muhuri. Nitaipokeaje?"

Afisa akatoka mbio. Jaji mkuu, aliyekuja mwenyewe na hukumu mkononi, alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilimkauka pale Shangazi, katika kukagua kurasa, alipofika ukurasa wa arobaini. Saini zilikuwa nne.

"Piga tu, mama. Yule anarudi sasa hivi!"

"Nikipiga hivi, mheshimiwa, kesho watakamata ukurasa huu huu, na kazi yenu yote itakwenda na maji. Mwite mwenzako."

Mimi nilikuwa natoa nakala pembeni yake, na nakiri niliogopa. Jaji wa tano akaja hana hata joho, akasaini. Muhuri ukagonga meza.

Afisa aliporudi anahema, barua yake ilikuwa imekamilika. Shangazi akaipokea kwa adabu zote, akamkabidhi muhuri. Ukumbini jaji mkuu alikuwa ameshaanza kusoma: uchaguzi ufanyike ndani ya siku sitini.

Mawakili wa serikali waliipekua ile hukumu siku mbili nzima, ukurasa kwa ukurasa. Wakaondoka mikono mitupu.

Siku ya kupiga kura nilisimama nyuma ya Shangazi. Alipewa karatasi yake, akaigeuza, akamrudishia msimamizi.

"Hujagonga muhuri, mwanangu."

"Bibi, watu wanasubiri!"

"Miezi yote hii tumesubiri," akasema. "Gonga."

Akagonga.