Nilisema Sheria ya Wafu Ilikuwa ya Barasa

Hamjambo wote. Admin, jina langu lisionekane, kwa sababu wanaonijua Kitale ni wengi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, mwalimu niliyestaafu mapema, mjane. Ninaishi na baba yangu mzazi ambaye sasa ni mzee sana. Kuna jambo nilifanya nikiwa msichana, na sijawahi kulisema mahali popote.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nafundisha shule moja ya kanisa karibu na Kiminini. Mwalimu mmoja mzungu wa kujitolea alipomaliza muda wake alituachia kitabu cha mchezo na dadu za ajabu, zingine zina pande nane, zingine ishirini. Tulikuwa walimu wanne vijana, na mkubwa wetu kwa akili alikuwa Barasa, kutoka Bungoma. Kila Jumamosi mchana tulikaa ofisi ya walimu tukicheza.

Mchezo wenyewe ni hivi. Kila mtu anajitungia mtu wake kwenye karatasi: jina lake, nguvu zake, udhaifu wake. Mmoja anakuwa msimulizi. Anawaambia mko wapi na mmekutana na nini, nyinyi mnasema mnafanya nini, halafu dadu inaamua kama mmeweza. Hakuna mshindi. Mnaendelea tu Jumamosi hadi Jumamosi.

Kitabu kilikuwa cha majumba ya mawe na theluji. Barasa alihamisha kila kitu mpaka kwenye mapango ya Mlima Elgon, na kila tulipobadilisha sheria aliiandika kwenye daftari moja la kijani.

Mwaka huo kaka yangu Simiyu alikufa kwa malaria. Mtu wangu kwenye mchezo nilikuwa nimempa jina lake. Jumamosi moja dadu ikaanguka vibaya na huyo mtu wangu akafa. Kitabu kilisema aliyekufa karatasi yake inachanwa. Nikashindwa kuichana. Nilishika ile karatasi nikalia mbele ya wenzangu.

Barasa akaniuliza polepole, "Wewe ungetaka iweje?"

Nikamwambia, "Tukae matanga. Kila mtu aseme anamkumbuka kwa lipi. Halafu tumuulize swali moja, ajibu."

Barasa akaandika vile nilivyosema. Mwenzetu Chemutai kutoka Saboti akasema, "Lakini sasa huu si ule mchezo wa kitabu tena."

"Kitabu hakitujui," Barasa akajibu. "Mchezo ni sisi wanne tumekaa hapa."

Siku hiyo nilijibu kwa sauti ya kaka yangu, na usiku nikalala vizuri mara ya kwanza tangu tumzike.

Kumbe mzazi mmoja alikuwa amepita nje ya dirisha akasikia watu wakiongea na marehemu. Enzi hizo habari za kuabudu shetani zilikuwa kila mahali. Wiki haikuisha kabla hatujaitwa mbele ya wazee wa kanisa, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Kitabu na daftari vilikuwa mezani.

Baba aliuliza, "Nani alileta mambo ya kuuliza wafu?"

Aliniangalia mimi. Nilikuwa msichana wake wa pekee, na hakuwa amemaliza kumlilia Simiyu. Nikasema, "Mchezo wenyewe ni safi, baba. Kitabu ndicho hicho, kisomeni. Hayo mengine yaliongezwa na Barasa."

Barasa alinitazama kidogo. Angeweza kusema ukweli, na Chemutai angemuunga mkono. Yeye akasema tu, "Ni mwandiko wangu, wazee."

Daftari lilichomwa nyuma ya kanisa. Barasa alitolewa kwaya, akakatazwa meza ya Bwana, na muhula haukuisha kabla hajahamishwa kurudi Bungoma. Mimi na yeye tulikuwa tumeshaanza kuongea mambo ya yeye kuleta watu wake kwetu Desemba kuniposa. Hakuna aliyekuja, na sikuthubutu kumwandikia hata barua moja. Mimi nilirudishiwa kitabu kwa sababu nilisema ni safi. Tulijaribu kucheza tukikifuata neno kwa neno, lakini Jumamosi ya pili Chemutai akaweka dadu chini akasema, "Sasa huu ndio si mchezo." Hatukucheza tena. Nilikuja kuolewa na mtu mwingine, mtu mzuri, na yeye pia sikumwambia.

Mwezi uliopita Chemutai alimwoza msichana wake huko Bungoma. Barasa alikuwepo. Alinisalimia vizuri, akanitambulisha kwa mke wake: "Huyu ni mwalimu, tulifundisha pamoja." Alipoenda kuongea na wanaume, mke wake akasogeza kiti karibu yangu.

"Mwalimu, si wewe ulikuwa naye Kiminini? Mzee wangu alikosea nini huko? Tangu anioe, Jumapili ananisindikiza mpaka geti la kanisa, halafu anarudi. Nikimuuliza ananiambia ati ni mambo ya zamani."

Nikamwambia, "Sijui, mama." Mara ya pili, ndugu zangu. Nikiwa mtu mzima, na hakuna aliyekuwa ananitisha.

Wale wazee wote wamekufa, amebaki baba peke yake. Moyo wake ni mgonjwa, daktari amesema asipewe habari za kumshtua. Kila jioni akiomba anamshukuru Mungu kwamba aliniokoa mkononi mwa yule kijana, na mimi naitikia amina. Nikimwambia, huenda nikamuua. Nikingoja aende, hatabaki mzee wa kanisa lile wa kusema Barasa alionewa, na mke wake ataendelea kuingia peke yake.

Wenye busara humu ndani, nianzie wapi? Kwa baba, kwa yule mama, au kwa Barasa mwenyewe? Mnikaripie mkitaka. Lakini msiniambie nimwachie Mungu, kwa sababu hivyo ndivyo nimefanya miaka hii yote.