Kamati ya Harusi ya Makala

Jarida la kisayansi lilipoikubali makala yangu kuhusu mihogo, lilitaka nilipie ili dunia nzima iisome bure. Mimi, bwana shamba wa Kasulu, nilipie! Ofisini wakaniambia hakuna fungu. Nikaenda kijijini Rungwe Mpya nimefura, nikawamwagia yote akina mama ambao mihogo yao ndiyo niliyoipima.

Wao wanajua dawa moja tu ya gharama kubwa: kamati ya harusi. Papo hapo wakachagua mwenyekiti, mweka hazina na mshereheshaji, wakachapisha kadi za mchango. Bibi harusi ni makala yangu.

"Upande wa bwana harusi wanatoa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Jarida? Halitoi kitu, mama. Linapokea tu. Hata wataalamu wanaoikagua makala hawalipwi."

"Basi huo ni utapeli!"

Lakini kadi zilishasambaa, na aibu ya kuvunja harusi hakuna aliyeitaka. Wakachanga.

Siku makala ilipotoka tulipika pilau. Nikaifungua kwenye simu, ikafunguka bila kudai hata senti. Vigelegele! Mshereheshaji akanipa kipaza sauti niwasomee. Nikasoma sentensi moja ya Kiingereza, vigelegele vikakatika.

Mwenyekiti akaninyang'anya simu, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Bwana shamba, Wazungu tumewalipia wasome habari za mihogo yetu. Sisi je, atatulipia nani?"