Kioo Kilifika, Mimi Sikufika

Enzi zetu pale mtaani Bulla Pesa, kabla watoto hawajaanza kuzaliwa na simu mkononi, tulikuwa na vipande vya vioo. Ukitoka shule unakinga jua kwa kioo na kuutupa mwanga ng'ambo ya lugga, ule mto wetu usio na maji, hadi kwenye mlango wa mabati wa Nyanya Halima, mama yake baba. Naye alijibu kwa sufuria aliyoisugua kwa majivu ikang'aa. Hapo tulijua anjera, mikate yake laini ya kumimina, iko tayari, tukakimbia.

Nikiwa darasa la sita aliugua. Mama aliniagiza nikitoka shule nipitie kumjulia hali. Lakini kulikuwa na mpira, na kipa nilikuwa mimi. Nikammulika mara tatu, nikarudi golini. Sufuria haikujibu. Alifariki kabla ya magharibi. Mama hakunipiga. Alisema tu, "Mgonjwa anaendewa, hatumiwi kioo."

Kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fizikia alituambia kwamba ukitaka kupima nafasi kati ya matukio mawili, pima umbali na muda kwa pamoja. Utapata aina tatu. Kuna matukio ambayo hata mwanga hauwahi kutoka moja hadi jingine: jua likilipuka sasa, nawe upige chafya dakika moja baadaye, hakuna wa kumlaumu mwenzake, maana mwanga wa jua huchukua dakika nane kutufikia. Kuna yale ambayo mwanga pekee ndio unawahi, na kipimo chake ni sifuri kamili. Na kuna yale ambayo chochote chenye uzito, jiwe, ngamia au mtu, kinaweza kuhudhuria yote mawili, saa yake ikihesabu njiani.

Ulimwengu wote, nyota na chembe zake, unaulizwa swali moja tu: ungeweza kufika? Nikafikiria goli lile na kitanda cha Nyanya. Dakika kumi kwa miguu. Ningeweza. Nililia palepale darasani, na mwalimu akadhani ni hesabu zimenishinda.

Vijana wa siku hizi wana kasi, hongera kwao. Majuzi Mama, ambaye sasa anaishi nyumba ileile ya Nyanya, alishikwa na homa. Binti yangu hakuinua hata kichwa. "Baba, nishamtumia pole na maua." Maua ya simu hayanuki, nikamwambia avae viatu. Tulivuka lugga polepole, akinung'unika juu ya vumbi ambalo sisi tulilipenda.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akitazama njia. "Mmekuja," akasema, akamshika mjukuu wake mkono, na hakuuachilia hadi magharibi.