Dawa ya Kichwa Kisichouma

Wajukuu wangu, na nyinyi vijana wengine wa Kapsoit na Kabianga mtakaosoma haya au kusomewa, tulieni kidogo. Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kuchunga ng'ombe, kwa hivyo sijui kuzungusha maneno. Nitasema mambo vile yalikuwa.

Wiki jana nilikuwa nakunja nguo zilizotoka kwa kamba, nikakuta vidonge ndani ya soksi ya Chebet, mjukuu wangu anayesoma chuo. Nilimwita. Akaanza kulia kabla sijamuuliza kitu. Kumbe ni dawa ya kuzuia kipandauso, kile kichwa kinachokupasua upande mmoja, na daktari amemwambia ameze kila siku. Anaificha kwa sababu wasichana wa chumba chao wameanza kunong'onezana, ni ugonjwa gani huo wa kumeza dawa kila siku na mtu anatembea mzima. Na kuna kijana anayemtaka. Huyo naye amesema mama yake hatapenda mke wa dawa.

Chebet, mwanangu, mimi nilikuwa mke wa dawa. Futa macho usikie.

Nakumbuka Jumapili moja, miaka ile ya tisini, waliponikalisha kwa kiti kidogo karibu na mlango wa baba mkwe wangu, wakinihukumu. Lakini hiyo Jumapili hamtaielewa nisipoanza na kichwa chenyewe.

Mimi ni mtu wa Chebunyo, kwa watu wa mifugo. Niliolewa huku juu kwa majani chai na kichwa changu nikaja nacho, maana kilinianza nikiwa msichana. Kwanza jicho linaona vitu vinametameta, kama jua likipiga mabati mapya. Halafu upande huu wa kushoto unaanza kugonga. Halafu tumbo linakataa kila kitu. Nikishikwa nilikuwa nafunga dirisha, najikaza leso kichwani mpaka inaacha alama, na hata mtoto wangu Kiprono, aliyekuwa bado mdogo, nilitaka akalie mbali. Siku zinapotea hivyo hivyo. Na majani chai hayana habari na kichwa chako. Siku ya kuchuma ikifika ukikosa, majani yanakomaa, karani wa kituo cha kupimia chai anayakataa, na mume wako amebaki shambani na kikapu peke yake, kila saa anaangalia nyumba.

Msidhani sikutibiwa. Shangazi yangu alinichanja hapa juu ya nyusi, alama bado ziko, anayetaka aje aguse. Kina mama wa kanisa waliniombea, na maombi mimi ninayaamini mpaka leo. Vidonge vya dukani nilivila mpaka mwenye duka akiniona kwa mlango anavitoa kabla hatujasalimiana. Baadaye ndiyo niliambiwa kwamba kuvila kila wakati namna ile kulikuwa kunaongeza kichwa.

Aliyeniambia ni daktari mmoja mama, mtu wa Kisii, aliyeletwa kwa kituo chetu cha afya. Alinishika mkono akasikiliza mishipa, akauliza kama nina pumu, akauliza kama nina mimba. Halafu akanipa tembe ndogo, asubuhi moja na jioni moja.

"Hii si ya kichwa kinachouma leo," akasema. "Ni ya kichwa cha mwezi ujao. Utameza hata siku ile unaimba."

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka mimi na wewe tuongee tena. Itachukua wiki kadhaa ndiyo uone kitu, usichoke. Na usiiache ghafla. Ukitaka kuiacha, njoo tuiache pamoja, polepole."

Nilirudi nyumbani sijaamini sana, lakini nilimeza. Mwanzo sikuona chochote. Halafu siku moja nikiwa katikati ya mistari ya chai nikashtuka kwamba tumechuma shamba lote, tumerudia tena, na mimi sijalala gizani hata mara moja. Nilisimama pale na kikapu mgongoni nikacheka peke yangu. Mume wangu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia, "Wewe chuma tu."

Sasa nyumba ya mkwe haina siri. Mama mkwe wangu, Mungu amweke mahali pema, alinikuta asubuhi na kikombe cha maji.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, Mama."

"Sasa hiyo unameza ni ya nini?"

"Ni ya kuzuia kichwa."

"Kichwa kiko wapi?"

"Hakipo."

Akaniangalia kama mtu aliyeona kuku amevaa viatu. "Mgonjwa ndiye anakula dawa," akasema. "Wewe unakula dawa na ni mzima. Unataka kufanyia mwili nini?"

Akaenda na habari hiyo kwa majirani, na majirani hawakumwangusha. Wengine wakasema ile dawa imenishika kama pombe inavyoshika mtu. Wengine wakasema, ah, huyu wa Chebunyo mnamwona mjinga, hizo ni tembe za kuzuia watoto, ndiyo maana Kiprono hajapata wa kumfuata mgongoni. Hiyo ndiyo ilimchoma mama mkwe. Siku moja nikiwa kisimani alichukua tembe zangu zote akazimwaga chooni. Hakuficha. Aliniambia akiendelea kupaka mkaa ndani ya kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando, "Nimekuokoa."

Sikugombana naye. Kituo cha afya kilikuwa mbali na ilikuwa majira ya mvua, majani yanakuja kwa fujo, nikasema nitaenda tukimaliza kuchuma. Kabla hatujamaliza, yale mabati ya jichoni yakaanza kumetameta. Niliangukia kati ya miti ya chai, nikatapika juu ya majani niliyochuma mwenyewe, na mume wangu akanibeba mbele ya watu wote waliokuwa wanaelekea kituo cha chai.

Hapo ndipo wakapata la kusema. Mmeona? Ameacha siku chache tu, ameanguka. Dawa imekuwa mume wake.

Ndiyo tukafika Jumapili ile.

Baba mkwe aliketi kwa kiti chake. Mama mkwe upande huu. Ndugu mdogo wa baba mkwe, mzee mmoja aliyependa kusikia sauti yake, alikaa katikati. Mume wangu alikuwa kwa benchi, anaangalia mikono. Mimi karibu na mlango. Mjue kwamba siku hizo mke wa kijana hakujibizana na baba mkwe. Chakula unapeleka ukiangalia chini, ukiulizwa unajibu kidogo, basi.

"Tumekaa," baba mkwe akasema, "na neno ni moja. Mama Kiprono, hiyo dawa uache. Usipoacha, tutakurudisha Chebunyo ukae kwa baba yako mpaka upone. Mtoto atabaki."

Mtoto atabaki. Mmesikia hayo?

Yule mzee mdogo akaongeza chumvi. "Sisi tulipeleka Chebunyo ng'ombe wazima. Tukaletewa kichwa."

Wakacheka. Hata mume wangu mdomo ulimcheza, na nilimkumbusha hilo miaka mingi.

Sasa niwaambie jambo kuhusu baba mkwe. Alikuwa mwenyekiti wa dipu, lile josho la kuogeshea ng'ombe pale chini karibu na mto. Miaka hiyo watu walianza kuliacha. Mtu anaangalia ng'ombe wake, haoni kupe, anasema wiki hii nitapumzika. Baba mkwe alikuwa anapita boma kwa boma na fimbo yake akiwafokea. Mvua ikinyesha, dipu. Akiwa na msiba, dipu. Na kelele yake sote tuliijua: "Kwani mnangoja ng'ombe augue? Mzima ndiye wa dipu. Akishapata ndigana, homa hiyo ya kupe, mtaniita nije nichimbe shimo?"

Na mimi ni mtoto wa Chebunyo. Niliswaga ng'ombe wa baba yangu kwenda dipu kabla sijajua kufunga leso.

Nikasimama. Hawakuwa wameniambia nisimame.

"Baba," nikasema, "nina swali moja, halafu mnirudishe mkitaka. Keshokutwa ni siku ya dipu. Wale ng'ombe wako wana ndigana?"

Mama mkwe akasema, "Keti chini."

"Sijamaliza, Mama. Baba, wana ndigana?"

"Hawana," akasema. Alikuwa mtu wa kweli, hakuweza kudanganya kuhusu ng'ombe.

"Wana kupe?"

"Nitawaachia wapate kupe kwa nini?"

"Basi waache. Ni wazima. Ukiwaogesha kila wiki na hawaumwi, dawa itawashika, itakuwa mume wao."

Yule mzee mdogo akanyanyua kidole. "Unalinganisha mtu na mnyama?"

"Wewe ndiye umenilinganisha sasa hivi, Baba mdogo. Umesema mlipeleka ng'ombe mkaletewa kichwa. Mimi nimefuata njia uliyopita." Nikamgeukia baba mkwe tena, macho kwa macho, jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya. "Mwaka jana yule jirani aliacha dipu, ng'ombe wake wawili wakafa. Hukusema dipu ndiyo iliwaua kwa sababu aliacha. Ulisema, mjinga, aliacha ya nini? Mimi nilianguka kwa sababu dawa yangu ilimwagwa. Nayo si ya kuzuia watoto, muulizeni daktari. Mungu akitupa mtoto mwingine nitaenda kwanza kumwuliza kama nitaendelea nayo. Lakini kesho asubuhi ninaenda kuchukua nyingine, na nitaimeza nikiwa mzima. Mkinirudisha Chebunyo, nitaimezea Chebunyo. Na Kiprono ninaenda naye."

Nikaketi bila kuambiwa.

Baba mkwe aliangalia fimbo yake. Halafu akamwuliza mume wangu, "Kesho nani atachuma, huyu akienda kwa daktari?"

"Mimi," mume wangu akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo, na nilimsamehe nusu.

"Basi chai ije," baba mkwe akasema. Kikao kikaisha hivyo. Hakuna aliyeniomba msamaha na mimi sikungoja.

Lakini keshokutwa yake, baba mkwe akipita na ng'ombe wake kwenda mtoni, alisimama kwa njia akaita juu ya ua, sauti ile ile ya kufokea majirani: "Mama Kiprono, wewe umepita dipu?"

"Nimepita, Baba."

Akaenda. Aliniuliza hivyo kila siku ya dipu mpaka miguu yake ilipokataa kutembea. Na mama mkwe alianza kuniwekea kikombe cha maji kwa meza asubuhi, kimefunikwa na sahani. Hakusema ni cha nini. Tulipata wasichana wawili baada ya hapo, na kila mimba daktari alinipunguzia dawa polepole akaisimamisha, akanirudishia baadaye.

Msidhani nilipona. Kichwa kilikuja bado, mara moja moja, kama mgeni asiye na adabu. Lakini kilikuja kwangu kikinikuta nimechuma, nimekamua, watoto wamekula. Kilipoanza kuniacha chenyewe uzeeni, dawa nayo tuliiacha, kwa daktari, sio kwa kelele za majirani.

Kwa hivyo, mwanangu, shika hili. Dawa uliyopewa na anayejua, meza. Ukiona inakuletea shida, rudi kwake umwambie, usijikatie mwenyewe wala usikatiwe na wasichana wa chumba. Usingoje uanguke mbele ya watu ndiyo wakubali kwamba unaumwa. Na usifiche. Mimi sikuificha wakati mtoto wangu alikuwa ananyang'anywa, wewe unaificha kwa sababu ya kijana ambaye hajaleta hata mzazi mmoja hapa kwetu? Mwambie huyo kijana mama yake aje aongee na mimi. Nitamchemshia chai.

Mungu akupe kichwa chepesi, Chebet, na shingo ngumu ya kukibeba. Awape nyinyi wote.

Na kwa nyumba hii nimeshasema, na narudia ili asiwepo wa kusema hakusikia. Hizo tembe zitoke kwa soksi zikae juu ya meza, karibu na sukari, na asizimwage mtu. Yeyote atakayetangulia kuamka aweke maji kwa kikombe, afunike na sahani, halafu amwite Chebet kwa sauti mpaka majirani wasikie, amuulize kama amepita dipu.