Bi Mwanahamisi na Mguu wa Fundi Ismaili

Ukivunjika mkono pale mtaa wa Ufukoni, utapewa ushauri na watu watatu kabla hujainuka chini. Wawili watakwambia uende kwa Bi Mwanahamisi. Wa tatu atakwambia uende hospitali, halafu naye atakusindikiza kwa Bi Mwanahamisi. Ni mama wa miaka hamsini na tano, mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo ukivitazama utadhani haviwezi hata kushika sindano. Kazi ya kuunga mifupa aliirithi kwa mama yake kule Msimbati, ambako hakuna mwaka unaopita bila mtu kuanguka kutoka juu ya mnazi, na kila aliyeanguka ana hadithi yake.

Hadithi hizo ndizo zinazoanza kazi. Bi Mwanahamisi hamgusi mgonjwa mpaka amweleze alivunjikaje, na aeleze kweli. Si uchawi wala si umbea, ingawa umbea nao haukosi. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka haupasuki kama uliovunjika kwa kupigwa, na asiyejua nguvu ilitoka upande gani hajui auvute kwenda wapi. Kuna bwana mmoja aliapa kwamba aliteleza kisimani, msikitini. Bi Mwanahamisi akakipapasa kifundo chake cha mguu, akamwambia, "Kisima hicho kina dirisha, na ndani ya dirisha kuna mke wa mtu." Yule bwana alicheka huku analia, akasema kweli, na baada ya wiki sita akatembea.

Jambo moja tu la mama yake alilikataa. Mama alikuwa akimvunja kuku mguu na kumfunga vibanzi vya mwanzi sawasawa na mgonjwa. Siku kuku anakanyaga, mgonjwa naye anaruhusiwa kukanyaga. Bi Mwanahamisi alipoanza kujitegemea alisema hataki. "Kuku amekosa nini?" aliuliza.

Mumewe, Ismaili, ni fundi cherehani. Ukipita mbele ya nyumba yao utaisikia cherehani ikienda, ikisita, ikienda tena, kwa sababu Ismaili hukanyaga pedali kwa mguu wa kushoto peke yake. Wa kulia umepinda chini ya goti, na ukikanyaga unauma.

Miaka mitano iliyopita mguu huo ulikuwa mzima, na Ismaili alikuwa na kibanda chake sokoni. Alasiri moja mtu alivunja kioo cha gari la polisi kwa jiwe, na askari wakaingia sokoni kuwasaka vijana. Vijana walikwisha kukimbia. Aliyebaki ni Ismaili, mtu wa makamo, ameinamia cherehani yake akitunga uzi kwenye sindano, kazi inayomtaka mtu wa umri wake afumbe jicho moja na kuisahau dunia. Askari akamwuliza vijana wamepita wapi. Akajibu hakuwaona. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomponza.

Majirani walimbeba hadi hospitali. Muuguzi alikuwa mpole, lakini akaomba PF3, ile fomu ambayo aliyeumizwa huichukua polisi ndipo atibiwe. Watu wakatazamana. Nani arudi kwenye kituo kile kile, awaombe wale wale waandike nani kampiga? Jirani yao Sudi alijitolea. Alifika mpaka mlangoni, akaviona virungu vimeegemezwa kaunta, akageuka. Basi wakamrudisha Ismaili nyumbani, wakamlaza mkekani mbele ya mkewe.

Siku hiyo mikono iliyowatibu watu wasio na idadi ilitetemeka. Ilitetemeka kwa hasira, na kwa huruma, na kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikuwa akimtazama na kujaribu kutabasamu. Alivuta, akafunga vibanzi, akajua papo hapo kwamba hakuvuta sawa. Hakuwa na moyo wa kufungua na kuvuta tena. Mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Tangu siku hiyo kila aliposifiwa kwa mikono yake Bi Mwanahamisi aliinamisha uso, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mtaa nao haukubaki ulivyokuwa. Rukia, muuza samaki, aliibiwa mizani na beseni, na hakuripoti popote. Watoto wakiona sare waliacha kucheza mpaka ipite. Wazazi wakawafundisha majibu ya kumpa askari: sijaona, sijui, sikuwepo. Wakasahau kwamba jibu kama hilo ndilo lililomvunja Ismaili mguu.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mwalimu mmoja aitwaye Esta alimleta mumewe. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa ametibiwa kiwiko kwa Bi Mwanahamisi, na Esta alikiona kikinyooka kwa macho yake. Mume aliitwa Danieli, mtu wa bara, mrefu, mwenye shati la mistari. Alipiga hodi, akamsalimu Ismaili barazani, "Shikamoo mzee," kisha akaingia ndani na kuunyoosha mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimekunjika, havifunguki.

"Umeumiaje, mwanangu?"

"Pikipiki, mama. Nilianguka njia ya Nanyamba, mwezi wa kwanza. Hospitali waliufunga, ukaunga, lakini vidole vikagoma."

"Unafanya kazi gani?"

Danieli alimtazama mkewe kwanza. "Polisi."

Bi Mwanahamisi aliusogeza ule mkono kwenye mwanga. Mgonjwa hachaguliwi, hilo nalo alilirithi. Akaupapasa mkono, na kiganja kikakubaliana na habari ya pikipiki. Lakini alipofika kwenye mfupa ulio chini ya kidole cha mwisho alikuta kinundu kigumu, cha siku nyingi.

"Na huu? Huu si wa pikipiki."

"Huo wa zamani, mama. Uache tu."

"Nikiuacha, hiki kidole kitabaki hivi hivi na kitawazuia wenzake. Siku ukiwa tayari utaniambia."

Alikuja mara tatu kwa wiki, saa kumi, akitoka zamu. Bi Mwanahamisi alipasha mafuta ya nazi, akachua kifundo cha mkono, akafungua kidole kimoja baada ya kingine. Danieli hakulalamika. Alipenda kuzungumzia binti yake, Happiness, aliyeanza darasa la kwanza na kumsahihisha baba yake namna ya kushika penseli. Bi Mwanahamisi alijikuta anamngoja. Alimpenda, tuseme ukweli, kama unavyompenda mtoto wa watu anayekula chakula chako bila kubagua. Vidole vitatu vilifunguka. Cha mwisho kiligoma, na jirani yake akagoma naye.

Siku ya sita Danieli alikuja peke yake. Mafuta yalikuwa tayari moto. Alikaa, akasema bila kuulizwa.

"Mama, huu nilijivunja mwenyewe. Kuna siku tulitupiwa jiwe, tukaingia sokoni. Kulikuwa na mtu nimemwuliza, akanijibu hajaona. Nikampiga kirungu. Alipoanguka kirungu kikanitoka, nikampiga ngumi, naye akageuka, mkono ukagonga chuma cha cherehani." Aliutazama mkono wake. "Sikwenda zahanati. Ningeenda wangeniuliza nimeumiaje, na wangeandika. Nikaufunga kitambaa. Hata Esta hajui."

Barazani cherehani ilikwenda, ikasita, ikaenda tena.

Bi Mwanahamisi aliuachia ule mkono. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Sijui, mama. Sikumtazama usoni." Kisha naye akaisikia cherehani. Siku zote alikuwa ameisikia bila kuisikiliza. Uso wake ukabadilika, akataka kuinuka, akakaa tena.

Bi Mwanahamisi alitoka. Ismaili alikuwa anashona pindo la gauni la shule, kichwa chini.

"Ni yeye," Bi Mwanahamisi alimwambia.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipopiga hodi siku ya kwanza. Ile ndiyo sauti iliyoniuliza wamepita wapi. Sura hubadilika, mke wangu, lakini ile sauti nimeisikia miaka mitano."

Basi hasira zote alizokuwa nazo Bi Mwanahamisi kwa yule aliyekaa ndani zikamgeukia huyu aliyekaa nje. Siku tano! Siku tano alimchua mtu yule, akacheka naye kwa habari za mwanawe, akampa na chai, na mume wake anashona pindo.

"Ukaniacha nimguse?"

"Ningekwambia, mikono yako ingetetemeka." Ismaili aliukata uzi kwa meno, taratibu. "Siku ile ulikuwa unalia, ndiyo maana ukashindwa kuvuta. Nilijua hivyo tangu uliponifunga. Unadhani kwa kuwa hukuniambia, sikujua? Mimi ndiye niliyekuwa mkekani. Sikutaka nikuone ukishindwa mara ya pili kwa ajili ya mguu huu huu."

Bi Mwanahamisi alikaa kwenye kizingiti. Miaka mitano alikuwa amelificha jambo, na aliyefichwa alilijua tangu siku ya kwanza, akaendelea kukanyaga pedali kwa mguu mmoja na kumsifia mapishi. Alilia, si sana. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akarudi ndani.

Mafuta yalikuwa yamepoa. Akayapasha upya.

"Lete mkono," alisema.

"Mama, mimi siwezi..."

"Lete mkono. Sijakusamehe, nakuchua. Msamaha una mwenyewe, na mwenyewe yuko barazani. Sasa niambie, ngumi ilitoka juu au ilitoka pembeni?"

"Juu."

Akakishika kile kinundu, akakivuta kuelekea chini na nje, kama mfupa ulivyotaka kuvutwa tangu zamani. Danieli alitoa sauti moja. Mikono ya Bi Mwanahamisi haikutetemeka hata kidogo, na jambo hilo lilimshangaza kuliko yote ya siku ile.

Alipotoka, Danieli alisimama mbele ya Ismaili, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Alisema maneno ya kuomba radhi. Ismaili aliyasikiliza yote, mguu wa kushoto umetulia juu ya pedali.

"Nimekusikia, bwana Danieli," alijibu. "Usinipigie magoti, sakafu yenyewe chafu. Siku ile nilichokosa ni karatasi. Ungeniletea karatasi yangu, ningeshukuru."

Danieli alielewa. Polisi yeyote angeelewa.

Wiki mbili zilipita hajaonekana. Mtaani habari zilikuwa zimeshavuja, maana Sudi alikuwa uani akisubiri suruali yake. Walisema amekimbia. Wengine walimlaumu Bi Mwanahamisi kwa kumtibu, Rukia mmoja wao. Bi Mwanahamisi mwenyewe aliogopa vile vile. Usiku wa siku ile ya maungamo alikuwa amemwambia mumewe, "Asiporudi, nitajua nilimchua bure."

Alirudi Jumamosi asubuhi, pamoja na Esta na mtoto. Alikuwa amebeba bahasha. Bi Mwanahamisi ana desturi: mkono ukipona, huupa kazi ya kwanza mbele yake. Mvuvi humpa kamba afunge fundo, mama wa nyumbani humpa mbuzi akune nazi. Kwa Danieli alikuwa ameweka kalamu.

"Nilishautumia mkono, mama. Nisamehe," alisema Danieli, akaitoa PF3.

Ismaili hakuwa na miwani, kwa hiyo Esta alisoma. Jina la aliyeumia, tarehe ya siku ile, mahali. Sehemu ya maelezo ilikuwa na mistari mitatu ya mwandiko unaopanda na kushuka kama wa mtoto wa darasa la kwanza: mlalamikaji alikuwa akitunga uzi, hakuwa na kosa, alipigwa na mimi. Na jina, na namba ya askari. Muhuri ulikuwepo. Esta alisoma bila kusita. Ilionekana alikwisha kuisoma nyumbani, na siyo mara moja.

"Nakala nimempelekea mkubwa wangu pamoja na barua," alisema Danieli. "Sasa hivi niko nyumbani, nasubiri. Pengine kazi haipo. Pengine na kesi ipo."

Hakuna aliyemwambia asiogope. Ismaili aliikunja fomu mara mbili, akaiweka mfuko wa shati. Kisha akampa mkono, na Danieli akaushika kwa vidole vyote vitano.

Jumatatu Bi Mwanahamisi alivaa gauni la Idi, akamsindikiza mumewe hospitali. Muuguzi aliomba PF3, akaipokea, akaitazama tarehe, akamtazama Ismaili.

"Baba, hii ni ya miaka mitano iliyopita."

"Ilichelewa kuandikwa, mwanangu."

Ismaili alipigwa picha ya mguu, wakaitwa chumba cha ndani. Daktari, kijana wa kike mwenye hijabu nyeupe, aliiinua ile picha kwenye mwanga. Alisema mguu hautanyooka wote, lakini upo uwezekano wa kuurekebisha akakanyaga bila maumivu. Halafu akaukazia macho pale ulipopinda.

"Huu mguu aliuunga nani?"

Bi Mwanahamisi aliinamisha uso, na safari hii kila mtu mle ndani angejua si unyenyekevu.

"Mke wangu, huyu hapa," alisema Ismaili. "Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku ile. Lakini hakukuwa na mwingine wa kunigusa, daktari, na yeye hakuniacha."

Daktari akaishusha picha, akainuka, akamvutia Bi Mwanahamisi kiti karibu na chake.