Kwenda Brussels na Mkwe

Wapo wanaodhani ugumu wa kwenda Ulaya ni viza. Waulize kama wamewahi kwenda na mkwe wao wa kiume.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mkazi wa Itiryo, kule Tarime. Binti yangu wa pekee anaishi na mume wake Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Mimba yake ya kwanza iliharibika akiwa kule kule, hana mama, hana shangazi wa kumshika mkono. Nilikisikia kilio chake kwenye simu nikiwa shambani, na siku hiyo niliapa: ya pili haitamkuta peke yake. Aliposhika mimba nyingine, nilianza kuhangaikia pasi ya kusafiria hata tumbo halijaonekana. Viza ikatoka. Mkwe wangu, ambaye kwao ni Kenyamonta, upande wa Serengeti, akaja kwa wiki moja tu kunichukua. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa.

Safari yenyewe tuliianzia Tarime mjini, kwenye ofisi ya mzee mmoja Mwislamu anayekata tiketi za mabasi na za ndege, na pembeni anauza kofia. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye Kikurya anakimwaga kuliko watoto wetu wa siku hizi. Nikaketi, akanigeuzia kompyuta huku anatabasamu.

"Hongera, mwalimu. Mnapitia Sirari mpaka Nairobi, halafu ndege. Mkwe wako anakupenda huyu! Kiti chako dirishani, chake hapo hapo ubavuni pako. Mnapiga soga mpaka Ulaya."

Nikasimama. "Ubavuni pa nani?"

Niseme kwa wasiotujua. Kwetu Wakurya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawali meza moja, hawakaribiani. Tunaongea, ndiyo, ila kwa mbali na macho yakiwa chini, na neno zito hupita kwa mtu wa tatu. Si uadui hata kidogo. Ndivyo tunavyoambiana kwamba binti tuliyepeana ni kitu kikubwa. Na huyu kijana anayajua haya yote, maana dakika ile ile alikuwa amesimama nje barazani juani, kwa sababu mimi nilikuwa ndani! Mtu ambaye hawezi kuingia duka moja nami, ananikatia kiti nikamsinzilie begani! Makubwa haya.

"Muulize," nikamwambia yule mzee, "hiki ni nini?"

Mzee akatoka, nikamsikia anamwita kijana kwa Kikurya: "Mura, mwalimu kawaka humo." Akarudi na jibu. "Anasema alihofia. Hujawahi kupanda ndege, ukipata kizunguzungu nani atakushika? Anasema ndege haina kijiji. Angani hakuna wa kuwaona."

"Mwambie mimi nitaona."

Akatoka tena, akarudi. "Anasema samahani, mama. Anasema lolote utakaloamua."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu lolote lenyewe lilikuwa gumu. Mzee akatafuta kwenye kompyuta yake. Nafasi nyingine ilikuwa ya kupitia Mwanza na Dar es Salaam, peke yangu, Alhamisi ya wiki inayofuata. Ile ilikuwa na heshima kamili. Hakuna mkwe, hakuna aibu, mimi na begi langu. Lakini Alhamisi ilikuwa mbali, na mtoto wa tumboni hasomi kalenda. Nilikaa nikaitazama ile tarehe, na nakiri, kidogo niseme nikatie hiyo hiyo. Hasira yangu haijawahi kunishauri vizuri, lakini huwahi kufika kuliko akili.

"Mwacha mila ni mtumwa, mwalimu," mzee akasema polepole. "Ila na uchungu nao haungoji wazee wamalize kikao."

Nikamwona binti yangu kwenye kitanda cha kigeni, anaita mama kwa lugha ambayo hakuna anayeijua mle ndani. Nikaketi chini.

"Hiyo ndege ina safu ngapi?"

"Zinapita arobaini."

"Yeye mweke huko mbele, safu ya kumi. Mimi nipeleke mwisho kabisa."

Mzee akanitazama juu ya miwani. "Huko mwisho ni chooni, mwalimu."

"Choo hakina ukwe. Badilisha."

Alicheka mpaka akafuta macho na mkono wa kanzu. Nje barazani nikasikia mkwe naye anacheka, halafu akajikumbuka akanyamaza. Kabla hatujaondoka alinunua kofia moja nyekundu, nyekundu ya kuumiza macho, ambayo mtu mwenye akili zake haivai. Akamtuma mzee aniambie: kwenye viwanja vya ndege yeye atatangulia hatua ishirini, na mimi nifuate kofia.

Ndivyo tulivyokwenda Ulaya. Kwenye basi la Nairobi alikaa nyuma ya dereva, mimi viti vya nyuma na unga wangu wa wimbi, yaani ulezi, mapajani, wa uji wa mzazi. Sikumpa mtu anibebee. Ndege ilipopaa nilifumba macho nikasali sala zote ninazozijua na mbili ambazo si za dhehebu letu. Nilipofumbua, kizunguzungu sikuwa nacho, sanasana njaa. Mhudumu mmoja, binti wa Kikenya, akaja kuniinamia.

"Mum, kuna mtu huko mbele amevaa kofia red. Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula, na yeye ale."

Akaenda, akarudi. "Anauliza kama miguu inafura."

"Mwambie miguu ni mizima. Aangalie ya kwake."

Safari ya tatu yule binti akashindwa kuvumilia. "Kwani huyo ni nani yako na mnakaa mbali hivi? Mmekosana?"

"Ni mkwe wangu," nikasema. "Amemwoa binti yangu."

Uso ukamfunguka. "Aaa! Hata kwetu Bungoma ni hivyo!" Tangu hapo alipeleka salamu zetu bila kuchoka, tena kwa madaha, na abiria wa katikati wakawa wanageuza shingo kumtazama mama wa kule nyuma anayehudumiwa kama waziri. Niliketi nimenyooka. Sikuwa na kitu cha kuonea haya.

Kwenye uwanja wa Uarabuni, tulipobadilisha ndege, kulikuwa na watu kuliko mnada wa ng'ombe. Kofia ikatangulia. Kila kona ilisimama, ikageuka kidogo, ikaniona, ikaendelea. Nilifika kwenye ngazi zinazotembea zenyewe nikasita. Yeye alikuwa ameshapanda, akageuka, nikamwona ameanza kunyoosha mkono, halafu akaurudisha mwenyewe mfukoni. Nikakanyaga. Ngazi ikanibeba, mwalimu wa Itiryo, sikuanguka wala sikupiga kelele.

Tulifika Brussels Jumatatu. Uchungu ulimshika binti yangu Jumatano alfajiri, siku moja kabla ya ile Alhamisi.

Hospitali ya kule, mume huingia chumbani na mkewe. Mkunga alituonyesha viti viwili, kimoja kila upande wa kitanda. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Na mkwe wangu sikuhitaji kumtazama kujua anawaza nini. Alimwinamia mkewe, akamwambia kitu sikioni, akampa mkunga ishara ya hapana, akatoka. Alikuwa amengoja siku hii tangu ule msiba wao wa kwanza, na akatoka ili mimi nibaki. Nilimshika binti yangu mkono saa sita nzima. Aliita mama, na mama alikuwepo. Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele.

Mkunga akauliza kitu, nikaelewa anamtafuta baba. Nikafungua mlango. Alikuwa amesimama kwenye korido, uso umeelekea ukutani, mabega yanatikisika. Alikuwa amekisikia kilio cha kwanza cha mwanawe nje ya mlango, peke yake.

Nilijivuna siku ile kuliko siku yoyote niliyowahi kushika chaki. Nilijivuna kwa ajili ya binti yangu, na kwa ajili ya mtu tuliyempa. Sikutafuta wa kunipelekea neno. Nikasimama mbali, macho chini, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe:

"Baba, ni wa kike, na wote ni wazima. Ingia. Mimi natoka."